Alasiri Kabla ya Wakati Wake

Saa ya ukutani kwetu ilikuwa inakwenda mbele dakika ishirini na tano. Haikuwa mbovu. Niliisogeza mwenyewe kwa kidole, nimesimama juu ya kigoda, wiki ile msimamizi wetu mpya alipobandika tangazo mlangoni: zamu ya jioni itaanza saa kumi kamili badala ya saa kumi na nusu, na atakayechelewa mara tatu atafute kazi kwingine. Nikajiambia, mtu akiona saa imemkimbia, miguu nayo itakimbia.

Binti yangu alinitazama nikishuka kwenye kigoda akacheka. "Mama, unajidanganya, na unajua kwamba unajidanganya. Sasa utadanganyika vipi?"

"Kunywa chai yako uende shule," nikamwambia.

Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mama mkwe. Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Nilipomaliza eda kaka yangu alikuja kunichukua, akakuta nimefunga mizigo nusu na nusu sijafunga. Akaniuliza nangoja nini. Nikamwonyesha kwa macho chumba cha pili, ambako mama mkwe alikuwa amekaa kitandani akisikiliza kila tunalosema. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufa siku nyingi, na mwana mwingine hakuwa naye. Kaka akavuta pumzi, akasema, "Haya, dada. Mungu atakulipa." Akaondoka na begi lake tupu. Hatukulizungumza tena jambo hilo, mimi na mama. Nilifungua mizigo ile nusu nikaanza kupika.

Nafanya kazi ya udobi hospitalini. Asubuhi nafua, saa moja hadi saa saba. Jioni nakunja na kupiga pasi, hadi saa mbili. Katikati nakwenda nyumbani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Siku yangu naikata kwa sala, kama fundi anavyokata kitambaa: kwanza chaki, halafu mkasi. Baada ya alfajiri, kabla jua halijatoka, ni kumwogesha mama, kubandika chai, kuloweka kunde, kufagia. Nikirudi mchana tunasali adhuhuri pamoja, nampa chakula, nambadilishia shuka, namkata kucha kama ni siku ya kucha. Kisha alasiri. Namtia udhu kwa birika na beseni, namkalisha kwenye kiti kinachoelekea kibla, anasali kwa kuashiria kichwa. Nikishamrudisha kitandani, natoka. Ya kwangu mimi naisali kazini, nyuma ya rafu za mashuka. Magharibi binti yupo, anamsaidia bibi yake. Isha nasali nimerudi. Yote haya niliyaandika kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati, kwa herufi zangu kubwa kubwa za shule ya msingi.

Watu waliniita Mama Dakika. Mwenzangu wa kukunja, ambaye sisi tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuwa akiniona getini anapiga kelele: "Jamani rekebisheni saa zenu, Mama Dakika huyo!" Nilikuwa natabasamu. Jina lile nililipenda, sitasema uongo. Mtu asiye na mtu wa kumngoja hupenda angalau kusifiwa kwamba hachelewi.

Lakini saa kumi kamili ilinishinda. Alasiri ilikuwa inaingia saa tisa na dakika arobaini. Nikimngoja mama asali, nimlaze, nifunge mlango, tayari ni saa kumi kasoro dakika tano, na hapo bado njia. Zamu mpya ilianza mwishoni mwa wiki, siku mbili, nikachelewa zote mbili. Msimamizi hakufoka. Alitoa kalamu mfukoni, akaandika, akaniambia, "Hiyo ni ya pili, mama. Ya tatu sitaandika kitu."

Wiki iliyofuata chumba cha jirani, tunachopakana nacho ukuta, kikapangishwa na fundi seremala. Alileta mashine ya kupiga randa mbao. Siku alipoiwasha, vikombe vyetu vilicheza kwenye kabati. Zamani adhana ilikuwa inatufikia kutoka ng'ambo ya barabara kubwa, sasa ukawa huisikii hata sauti ya mtu aliye mlangoni. Nilikuwa nimefua tangu asubuhi mashuka ya wodi ya upasuaji, kichwa kinaniuma, na ile mashine inaniingia kwenye meno. Mama akaniuliza kwa sauti kubwa, "Wakati umeingia?" Nikainua macho ukutani. Saa tisa na dakika arobaini na mbili. Nikajibu, "Umeingia, mama."

Nikamtia udhu. Akasali. Nikamlaza, nikamwekea kikombe chake cha maji chenye kifuniko karibu na mkono, nikatoka.

Nilikuwa nimefika kwenye duka la viatu, pale barabara inapokata kona, adhana ya alasiri ikaanza.

Nilisimama katikati ya njia. Mtu wa baiskeli akanipigia kengele, akanitukana kidogo, akanizunguka. Ndipo nikakumbuka dakika zangu ishirini na tano. Sikuzitoa. Kila siku nilikuwa nazitoa kichwani, siku ile sikuzitoa. Mama wa watu amesali alasiri kabla ya alasiri, na sala kabla ya wakati wake si sala, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua.

Nikageuka nirudi. Nikapiga hatua nne, labda tano. Kisha nikaona uso wa msimamizi na kalamu yake. Nikageuka tena nikaenda kazini, nikiwa nimejiambia kwamba nitamweleza usiku, atailipa, Mungu ni mwingi wa kusamehe. Nilifika saa kumi kasoro dakika saba. Kwa mara ya kwanza tangu tangazo lile, nilipata muda wa kufunga aproni yangu vizuri.

Usiku sikumweleza. Alikuwa amechoka, na mimi nimechoka, na binti alikuwa na hesabu zake mezani. Nikasema kesho.

Kesho yake mama aliponiuliza, "Wakati umeingia?" niliitazama saa, nikazitoa dakika ishirini na tano sawasawa, nikajua kwamba ni saa tisa na robo. Nikamjibu, "Umeingia, mama."

Siku ya kwanza nilikosea. Siku ya pili sikukosea.

Naandika hivi kwa sababu nataka lisomeke jinsi lilivyokuwa. Siku hizo mambo yangu yalinyooka. Nilifika kazini kabla ya wote. Chakula cha usiku nilikuwa nimekiandaa mapema, nguo za shule zimepigwa pasi, hata mfuko uliochanika niliupatia dakika ya kuushona. Ijumaa, ambayo ni siku yangu ya mapumziko na pia siku fundi anapofunga karakana, tulikuwa tunaisikia adhana vizuri na mama alisali kwa wakati. Nikaufanya moyo wangu uegemee hapo: walau Ijumaa. Siku nyingine nilijiambia kwamba mgonjwa ana nafuu zake katika dini. Ni kweli anazo. Lakini nafuu huulizwa kwa wenye elimu, haiokotwi chini ya kitanda. Mimi sikuuliza, kwa sababu niliogopa kujibiwa.

Kuna jambo nililiona tangu wiki ya kwanza ya uongo ule, na sikulielewa. Kile kikombe cha maji. Nilikuwa nakiacha kimejaa, nikirudi usiku nakikuta kimejaa. Hata mchana akila, maji alikuwa anayasukuma pembeni kwa mgongo wa mkono.

"Kunywa, mama."

"Sina kiu."

"Na joto hili?"

"Kiu ni yako au yangu?"

Binti yangu akadakia kutoka jikoni, "Mwache mke mwenzangu, anahifadhi umbo." Bibi yake huwa anamwita mke mwenza, kwa utani wao wa siku zote. Mama akacheka, "Umbo lipi, mwanaharamu wewe, nimebaki mifupa na ulimi." Tukacheka wote, kikombe kikabaki pale. Na Ijumaa alikuwa anakunywa. Vikombe viwili, vitatu, mpaka anapumua. Nililiona hilo pia. Nina macho mazuri, kila mtu ananiambia. Nilidhani anakunywa kwa sababu niko nyumbani.

Wakati huo huo mwalimu wa darsa ya wanawake, inayokutana kila Ijumaa baada ya alasiri, akaniomba nizungumze. "Hapa kuna wanawake wana watoto wawili na mfanyakazi wa ndani na bado wanasali magharibi na isha imeingia," akasema. "Wewe una mgonjwa, una kazi zamu mbili, una binti, na hukosi darsa. Simama utuambie unaipangaje siku."

Nilikataa. Nikasema mimi kusoma kwangu ni kidogo, nitasema nini mbele ya watu. Akasema sema hicho hicho kidogo. Nikasimama, nikashika kiti kwa nyuma. Nikawaeleza chaki na mkasi. Nikawaambia wasianze na kazi kisha watafute pa kuipachika sala, waanze na sala, kazi zitajipanga katikati yake kama watoto kwenye mkeka. Nikawaambia kuhusu karatasi ndani ya mlango wa kabati. Bibi mmoja alifuta macho. Msichana mmoja aliyeolewa juzi aliandika kila neno kwenye daftari. "Na ukizidiwa?" akaniuliza. "Siku ikiwa haitoshi, unapunguza wapi?"

Nikatazama mikono yangu juu ya kiti. Wakadhani natafuta maneno.

"Unapunguza kwako," nikamwambia. "Usingizi wako, maongezi yako. Haki ya mwenzio usiiguse."

Wakasema masha-Allah. Nilikaa chini. Nilirudi nyumbani peke yangu, kwa njia ya nyuma, ili asipatikane mtu wa kuniambia tena kwamba nimesema vizuri.

Haikupita wiki, mama akaanza kuona kizunguzungu. Akiinuliwa kichwa, chumba kinazunguka. Mkojo wake ukawa mweusi kama chai iliyokaa. Asubuhi moja Redio alinishikia zamu, nikamkodia gari mama, nikampeleka kule kule ninakofanyia kazi. Muuguzi alikuwa kijana wa kike mwenye sauti ya ukali na mikono laini. Alimbana ngozi ya mkono, ikabaki imesimama kama hema.

"Bibi, maji unakunywa?"

"Nakunywa," mama akajibu.

Muuguzi akanitazama mimi. Nikatikisa kichwa.

"Mzee wa umri huu akikaa na kiu anazimika kama taa," muuguzi akasema. "Figo zinalalamika, bibi. Nani anakukataza maji?"

"Hakuna anayenikataza, mjukuu wangu. Ni mambo yangu."

Alitundikiwa chupa mbili za maji, jioni tukaruhusiwa. Usiku ule nilimsema. Nilimsema kwa heshima, lakini nilimsema. Nikamwambia mama, unataka kunifanyia nini? Unataka watu waseme amemuua kwa kiu? Alinisikiliza ameelekeza uso kwenye ukuta. Akasema, "Nitakunywa." Na kweli usiku akanywa.

Kesho yake niliporudi kutoka zamu ya jioni, kikombe kilikuwa kimejaa.

Nilikaa kitako sakafuni nikakitazama. Nikafikiri labda amechoka kuishi, anataka kumfuata mwanawe. Nikamwonea hasira, nikajionea huruma. Mume ameondoka bila kuaga, na mama yake anafunga mizigo kidogo kidogo mbele ya macho yangu, tone kwa tone. Nitabaki na nani katika nyumba hii? Binti ataolewa. Nitabaki na saa ya ukutani.

Siku iliyofuata nilisema uongo wangu kama kawaida. Nikamtia udhu, akasali, nikamlaza, nikamwekea maji, nikasema, "Kunywa, mama, nakuomba." Akasema, "Nenda, mwanangu, usichelewe." Nikatoka.

Sikuwa nimefika hata kwenye duka la viatu nikamwona Redio, ambaye siku ile hakwenda nyumbani mchana, anakuja mbio, aproni imeloa, mikono hewani.

"Rudi, rudi shoga! Tangi la mvuke limepasuka! Maji ya moto kila mahali, msimamizi anaruka kama kuku aliyekanyaga kaa! Leo mashuka yatajifua yenyewe."

"Kuna aliyeumia?"

"Ameumia msimamizi, roho. Kasema wote nyumbani mpaka kesho. Nenda ukalale, Mama Dakika. Au hata kulala una ratiba?"

Alikuwa bado anaongea nilipogeuka. Nilikuwa na furaha ya ajabu, kama mtoto aliyeambiwa hakuna shule. Nikafikiri nitakaa na mama. Nitamsomea, nitamsuka nywele, nitamnywesha mimi mwenyewe kijiko kwa kijiko. Nilipofika mlangoni adhana ikaanza kule ng'ambo ya barabara. Na hapo hapo, ile mashine ya fundi ikashuka sauti, ikanguruma kidogo, ikazimika.

Kimya.

Sikuwahi kuisikia nyumba yangu katika saa ile tangu fundi ahamie. Nilisikia mbao zikiwekwa chini, nikasikia fundi akisafisha koo, akifunga komeo, ndara zake zikienda kuelekea msikitini. Baada ya hapo adhana ikaingia ndani kwetu nzima, neno kwa neno, kama mgeni aliyezoea mlango.

Nikasukuma mlango taratibu. Mama hakuwa amelala. Alikuwa amejiinua, ameshusha miguu kitandani, mkono wake mmoja unatambaa ukutani unatafuta kitu. Ukakipata: msumari ninaotundikia nguo, ulio upande wa kibla. Akaushika, akajigeuza kidogo, akageuka tena, mpaka kifua chake kikawa sawa na msumari. Akavuta mtandio ukafunika shingo. Akasubiri adhana iishe, akaomba dua yake. Kisha akainua mikono.

"Allahu akbar."

Pembeni kikombe kilikuwa kimejaa hadi kwenye kifuniko. Nikakielewa.

Alikuwa anaulinda udhu. Anajizuia maji tangu mchana, ili asishikwe na haja na mimi sipo, ili udhu ninaomtia mapema usimtoke mpaka mashine inyamaze, na ule ule umfikishe hadi isha, asimsumbue mtoto. Siku zote hizo. Na mimi namkalisha kwenye kiti, namfunga mtandio, anasali ile sala ya uongo pamoja na haraka zangu, nikishafunga mlango anaanza kungoja.

Nilisimama pale pale. Sikuweza kuingia wala kutoka. Alisali rakaa zake nne bila kuharakisha hata moja. Akatoa salamu kulia. Akatoa salamu kushoto, upande niliokuwa nimesimama, na uso wake ukabaki huko.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Umerudi."

"Tangi limepasuka kazini."

"Aa." Akakunja mikono mapajani.

Nikauliza, kwa sababu mtu aliyekamatwa huuliza maswali ya kijinga, "Ni sala gani hiyo, mama?"

"Alasiri."

"Si ulishasali?"

"Nilisali ile ya kwako," akasema. "Hii ya Mungu."

Kisha akashtuka mwenyewe, akanyoosha mkono hewani kunitafuta. "Nisamehe, mwanangu. Ulimi hauna mfupa."

Nikaenda nikapiga magoti, nikaweka uso wangu mapajani mwake. Nililia. Tangu eda sikuwa nimelia mbele ya mtu. Hakunibembeleza. Aliweka tu mkono juu ya kichwa changu, akauacha hapo, mzito.

"Umejua lini?" nikamwuliza.

"Siku ya kwanza sikujua. Ya pili nikasikia mashine imenyamaza, na adhana, na wewe umeshaondoka. Nikasema labda mwadhini amechelewa leo. Ya tatu nikavuta tasbihi tangu ulipofunga mlango. Mizunguko miwili, adhana hiyo. Ya nne, mizunguko miwili. Nikajua si mwadhini. Zile tatu za mwanzo nimezilipa."

"Mbona hukuniambia, mama?"

Alilegeza mtandio shingoni.

"Nikuambie nini? Wewe ndiye mwenye saa." Akapapasa nywele zangu. "Nikikuambia ungefanya nini? Ungeacha kazi, au ungeniacha mimi. Kazi inakupa chakula wewe na mtoto. Mimi nakupa nini?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Nasema. Mimi si mama yako. Aliyetuunganisha yuko chini ya udongo. Mtu anayening'inia kwa uzi mmoja, mwanangu, hauvuti kujua kama ni imara."

Miaka minne nimekaa katika nyumba ile nikijihesabu kuwa ni mpweke peke yangu. Namlisha, namwogesha, nafunga mlango, naamini nyuma yangu nimeacha mtu aliyetulia. Kumbe nilikuwa naacha mtu anayehesabu tasbihi gizani, ameshika msumari, anaogopa kuomba maji.

"Sasa nipe hicho kikombe," akasema. "Koo limekuwa kama msasa."

Alikunywa chote. Nilisikia kila funda likishuka.

Asubuhi yake, kabla sijafungua hata bomba, nilikwenda kwa msimamizi. Nikamwambia siwezi kuingia saa kumi. Nitaingia saa kumi na dakika ishirini, nitatoka saa mbili na dakika ishirini, na kama haiwezekani basi ahesabu hiyo ndiyo ya tatu.

"Kuna nini?" akauliza.

"Nina mama. Kuna saa yake nilikuwa namwibia."

Hakuelewa, sikumfafanulia. Akasema, "Nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu ataniletea mama mkwe."

Redio akapiga kelele kutoka kwenye mabeseni, "Wa kwangu mchukue hata leo, na sahani yake nakuongezea!"

Watu wakacheka, hata msimamizi akacheka kidogo. Akanikubalia, lakini kukunja hapana. Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili, na mwenzangu hawezi kusimama na pembe mbili mkononi akiningoja mimi. Akanihamishia chumba cha nyuma, kwenye foronya na makoti ya madaktari. Kule ni pasi, meza, na dirisha linalotazama ukuta. Redio hasikiki. Nakaa jioni nzima bila kusema neno, na wote wakiondoka mimi bado nina dakika ishirini za kulipa. Hakuna anayeniita Mama Dakika siku hizi. Wameshazoea kwamba nachelewa.

Kwa mwalimu wa darsa nako nilikwenda, nyumbani kwake, peke yangu. Nilimweleza lote. Aliinama akitazama mkeka. Akaniambia sala za mama ziko salama kwa sababu yeye mwenyewe amezisimamisha, lakini ulimi wangu una deni la toba, na radhi nimwombe yule niliyemdhulumu. Nikamwambia nimeshaomba. "Amekupa?" "Amenipa." Akanishika mkono. Kisha akasema, kwa upole tu, kwamba ile Ijumaa ijayo alikuwa amepanga nizungumze tena, ila labda tungoje. Nikasema ndiyo, tungoje. Yule msichana mwenye daftari nilimpigia simu mwenyewe, nikamwambia jibu langu la mwisho alibakishe, lakini ajue lilitoka kwa mtu asiyelifuata.

Saa nimeirudisha. Nilipanda kwenye kigoda nikaisogeza nyuma dakika ishirini na tano, binti yangu ananitazama, safari hii hakucheka. Nilikuwa nimemwambia na yeye.

Siku hizi alasiri inanikuta nyumbani. Mama anakunywa maji yake mchana, akihitaji chooni nipo. Namtia udhu, namkalisha kwenye kiti, na mimi nimekaa pembeni yake kwenye mkeka, tunangoja. Mashine ya fundi inanguruma ukutani. Hatuongei sana. Yeye anavuta tasbihi, mimi naangalia mshale wa saa unavyotambaa, na sijui kama niliwahi kuwa na dakika ndefu namna hii maishani mwangu.

Jana mwadhini alichelewa kidogo, au fundi alikuwa na ubao anataka kuumaliza. Saa yangu ilionyesha saa tisa na dakika arobaini na moja. Sahihi kabisa. Nikasema, "Wakati umeingia, mama."

Akasema, "Alhamdulillahi." Akaweka tasbihi chini. Lakini hakuinua mikono. Aliinamisha kichwa taratibu, sikio likaelekea ukutani, akangoja.

Nikainama na mimi, tukasikiliza wote wawili, mpaka mashine ikanyamaza.